Mpaka Kwenye Ukucha

Bibi Andregoto hakuwa mtu wa kuhesabu kondoo wala mifuko ya chumvi. Hiyo aliwaachia wanaume. Yeye alihesabu watu, na aliwahesabu vidoleni. Siku za baridi, theluji ikishaziba njia za mlimani, wanawake wa nyumba ya Mfalme Lope waliuzunguka moto wakichambua sufu, na bibi angeuvuta mkono wa mjukuu wake Velaskita, auweke pajani kama anayetaka kumtoa mwiba.

"Huyu nani?" anauliza, akibonyeza pingili ya chini ya kidole cha kati.

"Wewe, bibi."

"Na huyu jirani yake?"

"Sancha, dada yako. Walimpeleka bondeni, kwenye ngano."

"Pingili ya pili?"

"Baba yangu. Na huku mwana wa Sancha, mfalme wa bondeni."

"Ya tatu?"

"Mimi. Na huku Munio, mwana wa mfalme."

"Na ukucha?"

"Watoto wetu, wakija. Hao ndio mwisho. Ukishauvuka ukucha, mtu ni mgeni, unaweza kuolewa naye."

"Na kabla hujauvuka?"

"Ni ndugu, na padri hafungi ndoa."

"Haya, usije ukasahau," bibi anasema, anaurudisha ule mkono kwenye sufu. "Wanaume watasahau kwa makusudi."

Mara nyingine alimbonyeza kidole gumba. Hicho kilikuwa cha Elvira, binti yake wa kumzaa, dada wa Mfalme Lope. Elvira alipewa bwana wa ngome ya mpakani ili asiwafungulie maadui lango, akaenda huko, na mama yake hakumwona tena. "Huyu nimemweka pembeni," bibi alisema, "kama walivyomweka wao."

Velaskita alikuwa mtoto wa kimya. Wajomba walidhani ni mzito wa kuelewa, wakazungumza mbele yake kama mtu azungumzavyo mbele ya paka. Ndivyo alivyojua mambo mengi mapema, pamoja na hili, kwamba katika milima ile kila vita iliishia kwenye harusi, na kila harusi ilihitaji msichana mmoja. Wafalme walikuwa wachache, mabinti zao wachache, na baada ya vita vya mababu wanne hakukuwa tena na adui ambaye hakuwa ndugu.

Zamu yake ilifika alipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Bibi Andregoto alikwisha kufa. Watu wa bonde na watu wa mlima walikuwa wameuana misimu mitatu kwa ajili ya malisho ya kiangazi, mpaka hata mbwa wa kuchunga wakawa hawatoshi. Baba yake aliingia jikoni buti zikiwa zimejaa theluji, akakaa, akamwambia amvue.

"Umekwisha kuozwa," alisema, mguu wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

"Kwa nani, baba?"

"Munio wa bondeni. Baba yake kafa, yeye ndiye mfalme sasa. Anatuachia malisho na anatupa ngome tatu za kushikilia. Sisi tunampa wewe."

Velaskita aliiweka buti karibu na moto. "Baba, Munio ni pingili ya tatu."

Mfalme Lope alimtazama kama aliyesikia kondoo akisoma sala. "Nani kakufundisha hayo?"

"Bibi."

"Bibi yako yuko kaburini, Mungu amrehemu. Sasa sikiliza vizuri. Ukiulizwa kanisani, wewe hujui kuhesabu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

"Hujui nini?"

"Sijui kuhesabu."

"Mtoto mzuri. Vua na hii nyingine."

Harusi ilifanyika katika kanisa dogo lililo mwisho wa daraja la mto Orba, mahali ambapo ardhi si ya mlima wala si ya bonde. Kama ilivyo desturi, padri aliita mara tatu: kuna ajuaye undugu kati ya hawa wawili? Aseme. Baba Askofu alikuwa akitazama dari. Kimya kilikuwa kizito, maana karibu kila aliyenyamaza mle ndani alikuwa shangazi au mjomba wa bwana harusi na wa bibi harusi pia.

Kisha ikaja desturi nyingine, ya darajani. Bibi harusi havuki na kitu cha kwao. Ndani ya hema la ngozi Velaskita alivuliwa gauni la sufu nyeusi alilolisokota mwenyewe, akavikwa kitani cha bondeni, nywele zake zikafungwa ndani ya kilemba kirefu cha wake za watu. Pete ya bibi yake ilitolewa. Mbwa wake alirudishwa na kamba shingoni. Alipofika Oneka, kijakazi wake, mzee wa mapokezi akamzuia kwa fimbo.

"Na huyu?"

"Ndugu yangu wa kunyonya," Velaskita akasema.

"Vya nyumbani vinabaki nyumbani, Binti Mfalme."

Oneka alikuwa msichana mfupi mwenye kifua cha fahali na mdomo ambao haukuwahi kupata mlango. "Haya, mzee wangu," akasema. "Lakini huyu amenyonya maziwa ya mama yangu mwaka mzima. Hayo ni ya nyumbani. Mkamueni kwanza mnirudishie, kisha mchukueni."

Askari wa bondeni wakacheka mpaka mmoja akaangusha mkuki mtoni. Oneka akapita katikati ya kicheko hicho.

Nyumba ya Munio ilikuwa kubwa, yenye joto, na ilinukia mkate. Mama Mfalme, yaani mama yake Munio, alimpokea mkwewe kwa kumnusa. "Jibini ya kondoo," akawaambia wanawake wake. "Itatoka kwa kuosha, nadhani." Kuanzia siku hiyo akamwita mbuzi wa mlimani, na wengine wote wakafuata, wakubwa mbele ya watu, watumishi nyuma ya mlango. Mwezi wa kwanza Velaskita aliuliza kama wanaweza kuchoma chesnati, zile kokwa za miti ya mlimani, maana kwao hakuna mlo usio nazo.

"Chesnati?" Mama Mfalme akasema. "Hapa hizo ni chakula cha nguruwe, mwanangu."

"Ndivyo tulivyosikia, mama," Oneka akajibu akimimina divai. "Ndiyo maana tumeshangaa kuzikosa hapa mezani."

Oneka alilala siku mbili bila chakula kwa maneno hayo, na alisema yalistahili.

Munio hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha zaidi Velaskita, kwamba hakuwa na cha kumchukia. Alimpenda mwewe wake, akampenda farasi wake, na mkewe alimtunza kama mtu anavyotunza mkataba: alimweka mahali pakavu. Walipata mtoto wa kiume ambaye hakufika hata kwenye maji ya ubatizo. Baadaye sana wakapata wa kike, Toda, mwenye sauti ya kuamsha wafu, na baada ya huyo hapakuja mwingine. Velaskita alimnyonyesha mwenyewe, jambo ambalo halikufanywa na wake wa wafalme. Mama Mfalme alisema, "Mbuzi lazima akamuliwe," na Velaskita akaendelea kunyonyesha.

Lakini jambo moja hakulifanya. Toda alipokua, akakaa pajani na kunyoosha mkono acheze, mama yake hakumbonyeza vidole. Alimfundisha kusokota, alimfundisha nyimbo za kukamulia. Watu wa kwenye vidole hakumfundisha. Alidhani amemkinga na kitu, ingawa wakati ule angeulizwa ni kitu gani asingejua kusema.

Amani ilidumu kwa sababu watu walikuwa wamechoka. Vijana waliozaliwa baada ya vita walipoota ndevu, haikuwa na kazi tena. Mfalme wa pwani alikuwa na merikebu nyingi na binti mjane, na Munio hakuwa na mwana. Mjumbe wa pwani alifika wakati wa mavuno. Haikupita wiki, Munio akaweka kisu mezani katikati ya chakula cha jioni, akasema kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kitu shambani:

"Mke wangu, unajua kwamba sisi ni ndugu?"

Meza nzima ikaacha kutafuna.

"Kweli?" Velaskita akasema.

"Baba Askofu kaligundua. Bibi zetu walikuwa dada. Pingili ya tatu! Nimeshtuka sana."

"Pole," Velaskita akasema, akamwongezea mchuzi.

Chumbani Oneka hakuweza kukaa chini. "Kashtuka! Miaka yote hiyo yumo kwenye dhambi hajahisi hata kuwashwa, leo kaja mtu wa merikebu, ghafla dhamiri imemvimba kama jipu! Na baba yako?"

"Baba amekubali. Anarudishiwa malisho ya chini pia."

"Kwa hiyo tunarudi nyumbani?"

"Tunarudi."

Oneka alikuwa ameanza kutabasamu alipoona uso wa mwenzake. "Na Toda?"

Mlango ulifunguliwa na Toda mwenyewe akaingia mbio, miaka tisa, viatu mkononi.

"Mama! Nitakuwa malkia! Baba kasema! Kuna bwana mkubwa ng'ambo ya milima, ana mtoto wa kiume, nitakwenda kukaa kwao nijifunze maneno yao, nikiwa mkubwa ndio harusi. Nitakwenda kondoo wakishanyolewa. Baba kasema nitapata farasi wangu peke yangu!"

"Na mama atakwenda wapi, baba kasema?" Oneka akauliza.

"Mama atakwenda kwa babu," Toda akasema, na hapo ndipo akasita kidogo. "Utakuja kunitembelea, si ndiyo?"

Velaskita alimwendea Munio asubuhi, bandani kwa mwewe. Hakuwahi kumwomba kitu. Sasa alipiga magoti kwenye majani.

"Mwache akae na mimi mpaka awe mtu mzima. Baadaye mfanye mnavyotaka."

Munio alikuwa akimlisha ndege vipande vya moyo wa kuku. Alionekana kuhuzunika kweli. "Velaskita, binti wa mfalme ni daraja. Daraja halikai nyumbani."

"Ni mtoto wako."

"Ndiyo maana ana thamani," akasema, na hakukusudia ubaya wowote.

Baba Askofu alikuja siku ya tatu kumweleza mambo yatakavyokwenda. Mzee mnene, mpole, pumzi fupi. Alikataa kiti, kisha akakikubali.

"Usiogope, binti yangu. Ni jambo dogo. Utasimama mbele yangu pale kanisani kwenye daraja, uweke mkono juu ya Injili. Nitakuuliza: siku ulipoolewa, ulijua kwamba Munio ni ndugu yako? Nawe utasema hukujua."

"Na nikisema hivyo?"

"Basi mliingia kwa nia njema. Ndoa inavunjwa, lakini mtoto anabaki wa halali. Mtoto wa mfalme, kama jana na juzi. Unaona jinsi kanisa lilivyo na huruma?"

"Mfalme naye ataulizwa?"

Askofu akakohoa. "Mfalme amekwisha kuniambia ukweli wake faraghani. Alijua. Ni mwanamume, amesoma. Atatubu, atajenga kanisa. Lakini inatosha mmoja wenu awe hakujua. Umenielewa? Mtoto ananing'inia kwenye neno lako tu."

"Na nikisema nilijua?"

"Mama gani atasema hivyo?" mzee akasema. "Mtoto atakuwa mwanaharamu. Hakuna mfalme atakayempokea kwa mwanawe. Atakuwa si kitu."

Baada ya askofu kwenda, Velaskita alikaa na kazi yake ya sufu bila kuisokota. Oneka alikuwa akikunja nguo na kulalamika juu ya bondeni, kama kawaida yake, na kutoka bondeni akafika kwao, na kutoka kwao akafika kwa mama yake.

"Unamkumbuka mama na kisu chake? Watu wa baba yako wakija kuchukua kondoo wa mfalme, walikuwa hawachukui mwenye dosari. Lazima awe mzima, mweupe, mzuri. Basi mama akimpenda kondoo mmoja, anamkata sikio asubuhi ya siku hiyo. Kipande kidogo tu. Kondoo analia, sisi watoto tunalia, mama anasema, lieni, lakini huyu analala hapa leo."

Velaskita aliinua kichwa.

"Nini?" Oneka akasema.

"Hebu rudia."

Oneka hakurudia. Alikuwa mtu wa maneno mengi lakini hakuwa mjinga. Aliiweka nguo chini polepole. "Hapana, dada. Sikusema kwa ajili hiyo. Yule si kondoo. Ana masikio ya kusikia wanachomwita."

"Atasikia akiwa karibu nami."

"Atakuchukia."

"Anichukie akiwa karibu nami."

Daraja lilikuwa limejaa siku ile, watu wa mlima upande mmoja, watu wa bonde upande mwingine, kama siku ya harusi, ila wengi walikuwa wameongezeka matumbo. Mfalme Lope aliletwa kwa kiti kwa sababu ya magoti yake. Toda alisimama karibu na baba yake, amevaa vazi jekundu aliloshonewa kwa ajili ya safari.

"Velaskita binti Lope," Baba Askofu akasema, akimsogezea Injili karibu kama anayempa mtoto kijiko. "Siku ulipoolewa, ulijua undugu wako na mfalme Munio? Au hukujua?" Lile neno la mwisho alilisema kwa nguvu.

Velaskita aliweka mkono wa kulia juu ya kitabu. Wa kushoto akauinua, vidole viwili pamoja.

"Andregoto," akasema, "na Sancha. Dada wawili, pingili ya chini. Lope na mwana wa Sancha, pingili ya pili. Mimi na Munio, pingili ya tatu. Nilijua tangu sijang'oka meno ya utoto. Nilimwambia baba yangu nikimvua buti, naye akaniambia niseme sijui kuhesabu."

Mfalme Lope akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake, "Mwanamke kichaa! Hajui anachosema, muulize tena!"

"Niulizeni tena," Velaskita akasema. "Nilijua."

Askofu alifunga macho. Alimuuliza mara ya pili, na mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa karibu ya kuomba. Jibu halikubadilika. Mama Mfalme, aliyekuwa amekwisha kuwa kizee cha kushikwa mkono, ndiye aliyelitamka lile neno kwanza, wala hakulinong'ona: "Basi huyu ni mwanaharamu." Na watu wa bondeni waliokuwa karibu na Toda wakasogea nyuma kidogo, si kwa chuki, bali kama watu wanavyosogea maji yakimwagika.

Toda alimtazama baba yake. Munio alikuwa akitazama mto. Aliona hasara, wala hakuwa mtu wa kukaa karibu na hasara.

"Mchukue, basi," akamwambia Velaskita. "Umemharibu, mchukue."

Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mwanamke aliyeachika vile hakuwa mke, hakuwa mjane, na msichana hakuwa. Avae kilemba au asivae? Wasichana huacha nywele wazi, wake na wajane hufunga. Baba Askofu alipoulizwa alisema hajui, atauliza. Mpaka leo hajajibiwa. Velaskita alikivua kilemba palepale, akampa Mama Mfalme mkononi, akavuka daraja na nywele zake zenye mvi ya kwanza zikipepea, akimvuta mtoto aliyekuwa akilia ndani ya vazi lake jekundu.

Baba yake hakumruhusu kukaa kwake. Alimpa nyumba ya mawe katika bonde la juu la Urdeta, zizi, na kondoo ambao hakuna aliyewataka. Huko wakaishi watatu, Velaskita, Oneka na Toda. Watu wa Urdeta walimzoea. Alinyoa kondoo, alikamua, alitengeneza jibini nzuri kuliko za majirani, na akipita bila kitambaa kichwani, uzee huo, watoto walimfuata wakiimba, "Mwali, mwali, bwana yuko wapi?" Hakuwakemea. Alikuwa akilala kila siku na mwanawe chumba kimoja, akisikia pumzi zake, na alijua kwamba hilo ndilo alilolinunua. Katika mabinti wote wa wafalme aliowajua, mama yake na Bibi Andregoto pia, yeye peke yake ndiye ambaye hakunyang'anywa binti yake.

Lakini Toda hakusahau vazi jekundu. Lilipombana alilikata akatengeneza mkoba. Mkoba ulipochakaa akahifadhi kipande. Hakuwa mkorofi. Alifanya kazi zote, akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kama kile cha mama yake alipokuwa mtoto, cha mtu anayeweka mambo akiba. Kwenye minada ya kondoo vijana wa wachungaji walimwogopa kwa sababu ni damu ya mfalme, na wana wa mabwana hawakumtazama kwa sababu ni mwanaharamu. Akawa hana wa kucheza naye ngoma.

"Nilikuwa niwe malkia," alisema siku moja, akigeuza jibini rafuni. Alikuwa amefikisha miaka ishirini. Hakuwa amekasirika, alisema tu kama anayetaja hali ya hewa.

"Ungekuwa peke yako kwenye nyumba ya watu wanaokunusa."

"Labda. Na hapa niko na nani?"

"Na mimi."

"Nakuona," Toda akasema. "Oneka aliniambia habari ya kondoo na sikio. Nimefikiri sana, mama. Yule kondoo baadaye alifanywa nini?"

Velaskita hakukumbuka. Oneka, aliyekuwa mlangoni na ndoo, alikumbuka, lakini safari hii mdomo wake ulipata mlango. Walimla wao wenyewe, siku ya sikukuu.

Mjumbe wa Munio alifika kabla theluji haijaanza. Wafalme hawatupi kitu. Munio alikuwa na wana sasa, na vita na mfalme wa pwani, baba wa mkewe wa pili, na alihitaji ngome ya mpakani isifungue lango. Bwana wa ngome ile alikuwa kijana, Gundemaro. Binti wa halali angemzidi hadhi. Binti wa nje alimtosha kabisa.

"Sitaki," Velaskita akamwambia mjumbe. "Hayumo tena kwenye hesabu zenu."

"Mama," Toda akasema nyuma yake. "Hukuulizwa wewe. Mimi ninakwenda."

"Humjui hata sura!"

"Wewe ulimjua baba sura?" Akamfikia, akamshika mabega, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumgusa kwa kutaka. "Wao walitaka kunipa kwa mwana wa bwana mkubwa. Wewe ukanifanya wa kupewa mlinzi wa lango. Sawa. Lakini lango angalau ni lango, mama. Hapa ni ukuta."

Walishuka darajani watatu. Kanisa lilikuwa lilelile, padri mwingine. Gundemaro alikuwa kijana mwekundu, mwoga kidogo, aliyechana nywele kwa maji. Velaskita alimtazama mara moja, na hapo akaona kwamba kijana alikuwa na kidevu cha Bibi Andregoto. Ngome ya mpakani. Kidole gumba. Lope na Elvira, pingili ya chini. Yeye mwenyewe na mwana wa Elvira, ya pili. Toda na huyu kijana, mjukuu wa Elvira, ya tatu. Palepale.

Akawatazama watu wa Munio. Kulikuwa na kasisi mmoja mwenye macho madogo, naye akakwepa jicho lake, na Velaskita akaelewa. Wanajua. Wameliweka akiba, kama jiwe mfukoni. Siku ngome itakapokuwa haihitajiki, au kijana akipata mke mwenye faida zaidi, watashtuka sana, watamkumbuka Elvira.

"Kuna ajuaye undugu kati ya hawa wawili?" padri akaita. "Aseme."

Akaita mara ya pili. Toda aligeuka. Alimwona mama yake ameuinua mkono wa kushoto usawa wa kifua, vidole viwili vikiwa vimekaribiana, na uso wake ukabadilika. Hakuogopa undugu, kwa kuwa hakujua lolote juu yake. Vidole vyake havikuwahi kubonyezwa, na akiulizwa kesho na askofu yeyote, ataapa kwa mkono safi kwamba hakujua. Alichokiogopa ni mama yake. Midomo yake ilisema bila sauti: usithubutu tena.

Padri naye alikwisha kuuona ule mkono. "Mama, una neno? Unahesabu nini?"

Velaskita aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Ulikuwa umekomaa kwa kamba na maziwa ya kondoo, kucha zimevunjika. Akavifungua vile vidole, kimoja kimoja, akauteremsha.

"Hapana, padri," akasema. "Sijui kuhesabu."

Padri akaita mara ya tatu, hakuna aliyejibu, akaendelea. Nje, kwenye hema la ngozi, walimvua Toda gauni la sufu ambalo mama yake alilisokota, wakamvika la kwao, wakamfunga kilemba. Lile gauni walimletea Velaskita, likiwa bado na joto. Toda alivuka daraja bila kugeuka, na Oneka akasema, "Atageuka akifika mwisho," lakini hakugeuka.

Walipanda kurudi Urdeta. Njiani Oneka alijaribu kuanza wimbo mara mbili. Velaskita alikuwa amelikunja lile gauni chini ya kwapa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa ngumi, umefungwa vile kwa nguvu mpaka nyumbani, na Oneka ndiye aliyekamua kondoo jioni ile.